Kwa mdogo wangu unayeanza kuimbia tamthilia

Mdogo wangu, juzi uliniambia unaona aibu kuimba wimbo wa utangulizi wa tamthilia kwa sababu sura yako haitaonekana. Nami nilipita hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiwaambia watu "subirini albamu", na huku kodi ya chumba nailipa kwa hela ya vile vipande vya dakika moja.

Aliyenitoa ujinga ni Mjapani mmoja, Ichirou Mizuki. Alianza kama mwimbaji wa pop mwaka 1968, ana miaka 20, na hakuvuma. Mwaka 1971 akaimba wimbo wa katuni, na mwaka uliofuata ule wa Mazinger Z, roboti kubwa linaloendeshwa na kijana aliyekaa kichwani mwake. Enzi hizo nyimbo za katuni zilihesabiwa mambo ya watoto, na kwenye kasha la santuri kulikaa picha ya roboti. Yeye aliziimba kama mtu anayekwenda vitani.

Usikilize wimbo huo hata kama Kijapani hukijui. Jina la roboti linaitwa kwa sauti ya juu kiasi kwamba mtoto aliyetumwa jikoni anajua kipindi kimeanza. Hapo ndipo penye kazi yetu. Mtazamaji hakukaa pale kukusikiliza wewe. Ana sahani mkononi, mwingine anagombania rimoti. Mbwembwe za koo weka akiba kwa ajili ya albamu, na maneno yatamke yote yasikike. Halafu msikilize kwenye wimbo wa katuni ya Captain Harlock, haramia wa angani, wa mwaka 1978: ni mtu yule yule, ila sasa sauti ni nzito, ya nahodha mpweke. Alimfuata mhusika.

Agosti 1999, kwenye ukumbi ulio karibu na ziwa Kawaguchi, chini ya mlima Fuji, aliimba nyimbo 1,000 kwa saa 24. Piga hesabu: dakika 1,440 kwa nyimbo 1,000, haifiki dakika moja na nusu kwa wimbo, kunywa maji humo humo. (Usijaribu.) Mimi niliwahi kukauka sauti siku tatu kwa kupiga kelele kwenye kibwagizo kimoja, kwa sababu nilitumia koo badala ya tumbo. Prodyuza alikuwa ananishangilia, nami nikavimba kichwa.

Kuhusu hela nitasema machache. Tamthilia yangu ya kwanza nililipwa mara moja, nikasaini karatasi bila kuisoma. Imerudiwa misimu kadhaa na sina changu. Kabla hujasaini, uliza wimbo ni wa nani, na kipindi kikirudiwa au kikiuzwa kwingine wewe unapata nini. Kama umetunga, kausajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Mizuki aliugua saratani ya mapafu. Novemba 2022 alikuwa bado jukwaani, anaimba kwenye kiti cha magurudumu; Desemba 6 akafariki, ana miaka 74. Mashabiki walimuaga kwa ile "Zetto!" aliyozoea kuivuta, yaani ile Z ya Mazinger Z.

Kesho ukienda studio, beba maji ya vuguvugu. Omba uonyeshwe sehemu ya kwanza ya tamthilia kabla hujafungua mdomo. Wakisema bado inahaririwa, omba hata picha ya mhusika mkuu, uibandike mbele ya maiki.