Tangazo la "mwenyewe anauza, hamna dalali"
Kaka, hilo tangazo uliloliona linalotaka utume hela kwanza ndo uende kuona nyumba, usitume. Mi niliona tangazo kama hilohilo mtandaoni, nyumba Gungu, Kigoma, mwenyewe anauza hamna dalali, nikatuma 20,000, kufika nakutana na dalali kabisa na nyumba iko huko Ujiji ndani ndani, wakati waliandika mita 200 toka lami (labda kwa ndege), na picha wala sio za nyumba hiyo. We nenda kwa mwenyekiti wa mtaa uulize nyumba ni ya nani, kama ina hati omba upekuzi ofisi ya ardhi (wakuangalizie kwenye kumbukumbu zao imesajiliwa kwa jina la nani), halafu kama jamaa ana mke hakikisha karidhia, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu auze nyumba ya familia kimyakimya.