Maswali ya Wasomaji: Mfadhili na Majibu ya Utafiti

SWALI: Mhariri, nilikuwa nikiamini kwamba utafiti ni kazi ya vyuo vikuu na taasisi za serikali. Siku hizi karibu kila utafiti ninaousikia huku Korogwe unatajwa pamoja na asasi isiyo ya kiserikali. Je, anayetoa fedha hawezi kujinunulia majibu anayoyataka?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Mfano mzuri uko hapo hapo kwenu. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoifanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Kampuni ya GSK ilianza kuishughulikia chanjo hiyo tangu miaka ya 1980, lakini ni vigumu kampuni ya dawa kumwaga fedha peke yake katika chanjo ambayo wanaoihitaji zaidi hawana uwezo wa kuinunua. Ndipo PATH, asasi ya Marekani isiyotafuta faida, ilipoingia ubia na kampuni hiyo mwaka 2001, kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates. Kuwaandikisha watoto, kuwachanja na kuwafuatilia kwa miaka kadhaa kulibaki mikononi mwa watafiti wa vituoni, wakiwamo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Majibu hayakuwa ya kumfurahisha mfadhili. Kwa watoto waliopata dozi nne kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, malaria ilipungua kwa takriban 36% tu katika miaka minne hivi, na takwimu hiyo ilichapishwa kama ilivyo. Shirika la Afya Duniani halikuipendekeza chanjo hiyo kwa matumizi mapana hadi Oktoba 2021.

Wasiwasi wangu uko kwingine: mfadhili huchagua swali, na ugonjwa usiomvutia hukosa mtafiti. Ziko asasi zinazojichagulia maswali, kama Uwezo, ambayo imewapima watoto majumbani mwao kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili, hata wasiokwenda shule. Nazo, hata hivyo, hutegemea wafadhili.

Kwa hiyo, watafiti wakija nyumbani kwako, kabla hujatia saini fomu ya ridhaa uliza kama wana kibali cha maadili cha NIMR na kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), sampuli zitahifadhiwa wapi, na kama mkataba unampa mfadhili nguvu ya kuzuia matokeo yasichapishwe.