Vanishi ya mlango inabanduka: je, niuchome kwanza?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Nkuhungu, Dodoma. Mwaka jana niliweka mlango wa mbele wa mninga, unatazama magharibi. Fundi aliupiga vanishi ya kung'aa mikono mitatu. Mvua zilipoisha vanishi ikaanza kupasuka na kubanduka kama magamba, hasa sehemu ya chini. Fundi mwingine ananishauri niuchome kwa moto wa gesi kabla ya kupiga vanishi mpya, eti mbao iliyopita motoni hainywi maji. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Naomba usiuchome. Kwanza bandua gamba moja kwa ukucha, ligeuze, ulitazame mgongoni penye mwanga. Ukiona vinyuzi vya kijivu vimeng'ang'ania pale, kama manyoya mafupi, basi vanishi haikuiachia mbao. Ni ngozi ya juu ya mbao iliyojitenga na mbao iliyo chini yake.

Kinachoshikamanisha nyuzi za mbao ni lignini, gundi yake ya asili. Miale ya urujuanimno ya jua huivunjavunja, na vanishi isiyo na rangi huipitisha miale hiyo hadi kwenye mbao. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama hakuna. Mlango wako ulichomwa na jua la alasiri miezi yote hiyo. Desemba mvua zilipoanza, maji yakapenya kwenye nyufa, mbao ikavimba, na vanishi iliyokwisha kukakamaa haikuweza kutanuka nayo.

Huyo fundi wa pili hajabuni jambo kutoka hewani. Zipo mbao zinazopikwa kiwandani, teknolojia iliyokuzwa sana Finland miaka ya 1990. Huwekwa kwenye tanuri lenye mvuke na oksijeni kidogo, nyuzi joto 180 hadi 220 hivi, kwa saa kadhaa mpaka joto lifike kwenye kiini. Hemiselulosi, sehemu ya mbao inayopenda maji kuliko zote, huharibika kwanza, na unyevu ambao mbao huweza kuvuta hewani hupungua karibu nusu. Lakini mbao hiyo hupoteza sehemu ya nguvu zake na hupasuka kirahisi unapoipiga msumari. Rangi yake nzuri ya kahawia nayo hugeuka kijivu juani kama mbao nyingine yoyote. Yaani joto linapunguza kiu ya maji, jua bado linabaki pale pale. Tena ufundi huo ulilenga hasa mbao laini kama paina. Mninga kwa asili hauchezi sana ukilowa na kukauka, na moyo wake haushikwi na wadudu kirahisi.

Moto wa gesi haufanyi kazi ya tanuri. Unaunguza juu tu, na kuacha masizi na unga wa mkaa. Ukipiga vanishi juu ya unga huo, umerudi kwenye tatizo lile lile la ngozi isiyoshika. Wajapani huchoma mbao za kufunikia kuta, lakini wao huacha tabaka nene la mkaa ndilo liwe kinga. Kwa mlango, joto hilo hulegeza pia gundi nyeupe kwenye maungio, kisha paneli zinaanza kucheza.

Ung'oe mlango kwenye bawaba, ulaze kivulini. Kwangua vanishi yote, piga msasa namba 80 kisha 120 mpaka ile rangi ya mninga mpya itokee kila mahali. Siku hiyo hiyo piga mkono wa kwanza, mwepesi, uliozimuliwa kwa thina. Tumia vanishi ya nje yenye rangi ya kahawia, au mafuta ya mbao yenye rangi, kwa sababu chembe za rangi ndizo zinazozuia mwanga. Usipake mbao ikiwa ya moto: hewa iliyo vinyweleoni hutanuka na kukuachia mapovu.

Usisahau ukingo wa chini! Milango mingi ninayoitiwa kuangalia hupigwa vanishi ikiwa imeshafungwa, kwa hiyo brashi haijawahi kugusa pale chini, na maji ya barazani hunywewa kupitia hapo. Nadhani ndiyo maana wako umeanzia chini.

Mimi kwa jua la huku napendelea mafuta. Utayarudia kila Novemba kabla ya mvua, lakini hayabanduki: unaosha, unapitisha msasa kidogo, unapaka. Kibaraza chenye paa mbele ya mlango kitakusaidia kwa mvua, ila jua la saa kumi jioni hupita chini yake. Na kama mafuta yako yana mafuta ya kitani (linseed), matambara uliyofutia yatandaze nje yakauke moja moja. Yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe mpaka yakashika moto.