Maswali ya Wasomaji: Vilengeo vya Bastola Penye Mwanga Hafifu

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Fort Worth, Texas, na ni mlinzi wa usiku katika ghala la mizigo. Nina leseni ya kubeba silaha kazini, na bastola yangu ni Glock 19 yenye vilengeo vya plastiki iliyotoka navyo kiwandani, yaani nukta nyeupe mbele na mchoro mweupe wa umbo la U nyuma. Jua likishazama vinanipotea kabisa. Dukani nimeonyeshwa vya tritiamu, vya nyuzi za faiba na kile cha nukta nyekundu, yaani kioo kidogo chenye nukta ya mwanga ndani yake, kinachotumia betri, na bei zake zinapishana sana. Nichukue kipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nitakujibu kuhusu vilengeo, lakini kuna kifaa ambacho hukukitaja, nacho ndicho ningekitanguliza kama mfuko ungeruhusu kitu kimoja tu: tochi nzuri ya mkononi. Kilengeo hukuonyesha mtutu umeelekea wapi. Hakikuambii kama aliyesimama kati ya makontena mawili ni mwizi, ni dereva aliyekosea mlango, au ni mlinzi mwenzako aliyewahi zamu. Hilo utalijua kwa mwanga peke yake, na usiku huo huo tochi utaitumia mara nyingi kukagua makufuli na milango huku bastola ikiwa imetulia kwenye ala yake. Tochi ya kufungwa chini ya mtutu ina manufaa yake, ila haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya mkononi, kwa sababu ukiitumia kumtafuta mtu utakuwa umemwelekezea silaha kabla hujamtambua.

Sasa tuje kwenye swali lako. Nyuzi za faiba hukusanya mwanga uliopo na kuutoa kwenye ncha inayokutazama; mchana hung'aa kama kaa la moto, lakini gizani hazina cha kukusanya, kwa hiyo hufifia pamoja na jua. Kwa mlinzi wa usiku ningeziweka kando bila kusita. Ipo pia rangi inayomulikwa kwa tochi ikabaki inang'aa, ambayo ni rahisi kwa bei, lakini nguvu yake hupungua upesi, na zamu ni ndefu.

Tritiamu ni aina ya hidrojeni yenye mnururisho hafifu. Gesi yake hufungiwa ndani ya kichupa chembamba cha kioo ambacho ukuta wake wa ndani umepakwa unga wa fosfori. Elektroni zinazotoka kwenye gesi huugonga unga huo nao ukatoa nuru, usiku na mchana, bila betri na bila kuchajiwa. Wasomaji wengi huniuliza kwa hofu juu ya mnururisho huo, nami huwaeleza kwamba elektroni hizo ni dhaifu kiasi kwamba hazipenyi kioo wala tabaka la juu la ngozi. Kichupa kikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani kwa muda, usikishike kwa mkono mtupu, kisha nawa kwa sabuni. Nchini Marekani mnunuzi wa kawaida hahitaji kibali cha mamlaka ya nyuklia ili amiliki vilengeo hivi, kwa kuwa kibali humhusu anayevitengeneza na kuviingiza sokoni.

Hata hivyo, watu hudhani kwamba tritiamu ni ya giza totoro, na hapo ndipo wanapopoteza fedha. Katika giza totoro humwoni aliye mbele yako, kwa hiyo huna haki ya kufyatua. Ukiwasha tochi, mwanga unaorudi kutoka ukutani huufunika mng'ao ule mdogo, na vilengeo huonekana kama kivuli cheusi juu ya mahali palipomulikwa. Tritiamu hufanya kazi yake pale katikati: wewe uko kivulini chini ya paa la ghala, na mtu unayemkabili yuko mita kumi mbele penye taa ya uwanjani. Kwa sababu hiyo ningekushauri uchukue kilengeo cha mbele chenye kichupa cha tritiamu kilichozungukwa na duara pana la rangi ya chungwa au ya manjano inayoelekea kijani, kwani duara hilo ndilo jicho litakalolikamata magharibi inapoingia na taa zinapowashwa, na kichupa kitashika zamu pale rangi inapokufa.

Kilengeo cha nyuma kiwe cheusi kitupu, au kiwe na nukta hafifu kuliko ya mbele. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimelishuhudia. Jioni moja kwenye uwanja wa shabaha nilikuwa na mwanafunzi mwenye nukta tatu za kijani zinazong'aa sawasawa. Matundu yake yote yalikwenda kushoto, na kila aliporudia yalizidi kukusanyika huko huko. Nilipochungulia juu ya bega lake nikaelewa: nukta tatu alikuwa amezipanga vizuri kwenye mstari mmoja, lakini ile ya mbele ilikuwa imekaa nje, upande wa kushoto wa zile mbili za nyuma, badala ya kukaa kati yake. Gizani hakuwa na njia ya kuzitofautisha. Tulizifunika zile mbili za nyuma kwa vipande vya utepe mweusi, na risasi zikarudi katikati.

Kuhusu rangi ya kichupa, kijani ndicho chaguo langu, kwa kuwa jicho lililokwisha kuzoea giza huiona nuru ya kijani kwa urahisi zaidi kuliko nyekundu. Kuhusu kimo, usinunue kilengeo cha mbele bila kulinganisha na ulichonacho. Umbali kati ya vilengeo vyako viwili ni takriban sentimita 15. Kwa hiyo kila milimita moja inayoongezeka kwenye kimo cha mbele huishusha risasi kwa takriban sentimita 10 ukiwa mita 15 kutoka kwenye shabaha. Milimita moja ni kitu kidogo mkononi, lakini sentimita 10 si kidogo hata chembe.

Ufungaji mpe fundi wa silaha. Kilengeo cha mbele cha Glock hushikwa na skrubu ndogo inayohitaji gundi ya kuzuia isilegee, na cha nyuma husukumwa kwa kifaa maalumu. Anayekigonga kwa nyundo anagonga kioo. Akimaliza, nenda uwanjani mchana ukahakikishe risasi zinatua unapolenga, kisha omba nafasi ya kurudia jioni. Na nukta nyekundu? Muulize kwanza mwajiri wako kama anairuhusu kwenye silaha ya kazi, maana kampuni za ulinzi hutofautiana katika hilo. Mengine utayasoma katika jibu linalofuata.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, Mkenya niliyehamia Columbus, Ohio. Vilengeo vya kawaida siku hizi naviona kwa ukungu, ndipo mwanangu akaninunulia kilengeo cha nukta nyekundu. Mchana naiona nukta ikiwa imechanua kidogo, lakini jioni inakuwa kama nyota yenye mikia. Je, kifaa ni kibovu?

JIBU: Nzuri, mama yangu. Kabla hujakirudisha dukani, hakikisha bastola ni tupu, magazini imetolewa na chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, umeikagua kwa jicho na kwa kidole. Kisha iweke mezani ikielekea mahali salama, na upige picha ya nukta hiyo kwa simu kupitia kioo cha kilengeo. Ikiwa pichani imetoka duara, kifaa ni kizima na tatizo liko kwenye jicho. Kwa dalili ulizonieleza nashuku astigmatizimu, yaani konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) au lenzi isiyo na mviringo ulio sawa. Mtaalamu wa macho atakupima na kukuandikia miwani. Jioni mikia huongezeka kwa sababu mboni hupanuka, na kwa sababu watu wengi husahau kupunguza mwangaza waliouweka mchana. Ushushe mpaka nukta iwe inaonekana tu bila kuficha unacholenga.

Usikikatie tamaa kifaa hicho. Katika umri wetu lenzi ya jicho imepoteza ule wepesi wa kuvuta vitu vya karibu, ndiyo maana kilengeo cha mbele kinakuwa ukungu. Nukta nyekundu hukuondolea shida hiyo, kwa kuwa unaitazama shabaha yenyewe nayo nukta inaelea juu yake. Badilisha betri kila mwaka katika tarehe usiyoweza kuisahau, na uwe na vilengeo vyeusi virefu vinavyoonekana kupitia kioo hicho, ili siku betri ikizimika usibaki huna pa kushika.

SWALI: Mwalimu, nauziwa bastola iliyotumika yenye vilengeo vya tritiamu vya miaka 8. Muuzaji anasema ni kama vipya. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini kwa maneno. Nusu-uhai ya tritiamu ni miaka 12.3, kwa hiyo baada ya miaka 8 imebaki takriban asilimia 64 ya gesi, na unga wa fosfori nao huchoka, hivyo mng'ao utakuwa chini ya hapo. Vinaweza kukufaa kwa miaka kadhaa bado, lakini usivilipie bei ya vipya. Mwombe muuzaji atoe risasi zote mbele yako, aache slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayovutwa nyuma) ikiwa wazi, kisha muingie chumba kisicho na dirisha na mzime taa. Kaeni humo dakika 20 kabla ya kuamua, maana jicho linalotoka juani halitaviona hata kama ni vizima.