Dirhamu ya Wasit: ni mwaka 97 au 99? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Marehemu babu alituachia sarafu mbili. Ya kwanza ni ya fedha, nyembamba, ina upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 2.61, na imetobolewa karibu na ukingo. Mjomba anasema ni ya zama za Harun al-Rashid. Kwa msaada wa mwalimu wa madrasa nimesoma jina la mji wa Wasit, na baada ya neno «sanat» (mwaka) kuna maneno mawili yanayofanana sana: mwalimu anasoma «saba na sabini», mimi nasoma «tisa na tisini». Nimesoma pia kwamba dirhamu ilikuwa karibu gramu 3. Je, hii yetu ni bandia? Ya pili ni ndogo, ya shaba, ambayo babu aliiokota Kilwa Kisiwani. Ina jina la Ali bin al-Hasan lakini haina mwaka wala mji. Nitajuaje ni ya lini? Nimeambatisha picha.

Jibu: Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba kabla ya kuuliza bei mmeketi na mwalimu mkajaribu kusoma, kwa sababu sarafu za Kiislamu za karne za mwanzo zina maandishi mengi kuliko karibu sarafu zote za wakati wake, na mwenye subira ya kuzisoma huambiwa na sarafu yenyewe mahali ilipopigwa na mwaka wake.

Nianze na madai ya mjomba, maana hayo yanajibika haraka. Picha yako inaonyesha upande mmoja mistari mitatu ya shahada, «La ilaha illa Allah, wahdahu, la sharika lah», na upande wa pili mistari minne ya Suratul Ikhlas. Huo ndio mpangilio wa dirhamu za Bani Umayya tangu mageuzi ya Khalifa Abd al-Malik bin Marwan, aliyetoa dinari ya dhahabu yenye maandishi matupu, bila picha yoyote, mwaka 77 Hijria (696–697 Miladia), kisha dirhamu ya namna hiyohiyo mwaka 79. Kabla ya hapo Waislamu walikuwa wakitumia dhahabu ya Rumi yenye sura ya mfalme wao na fedha ya Kiajemi yenye kichwa cha mfalme wa Kisasani na madhabahu ya moto, na hata sarafu walizopiga wenyewe ziliiga hizo. Bani Abbas walipochukua utawala mwaka 132 Hijria waliiondoa Suratul Ikhlas katikati ya sarafu na kuweka «Muhammad rasul Allah». Harun al-Rashid, khalifa wa Bani Abbas, alitawala tangu 170 hadi 193 Hijria (786–809 Miladia), kwa hiyo dirhamu iliyopigwa Iraki katika enzi yake haiwezi kuwa na Ikhlas katikati. Mahali pekee ambapo mpangilio wa zamani uliendelea kwa muda mrefu ni Andalusia, ambako tawi la Bani Umayya lilisalimika, lakini sarafu za huko hujitaja kwa jina la al-Andalus, na yako inasema Wasit, mji wa Iraki.

Sasa mwaka. Katika dirhamu za aina hii mahali na tarehe viko kwenye duara linaloizunguka shahada, na husomwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa: «Bismillah, duriba hadha al-dirham bi-Wasit fi sanat…», yaani kwa jina la Mwenyezi Mungu, dirhamu hii imepigwa Wasit katika mwaka fulani. Mwaka hauandikwi kwa tarakimu bali kwa maneno, yakianza mamoja, kisha makumi, kisha mamia ikiwa yapo. Hapo msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wanafunzi wengine wa fani hii hawana, kwa kuwa sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na mia ya kwetu ni maneno yaleyale. Akishajua herufi, nusu ya kazi ameimaliza utotoni.

Tatizo mlilokutana nalo wewe na mwalimu linawasumbua hata mabingwa, na si dalili ya kutojua. Khati ya Kufi ya sarafu hizi haina nukta. Neno la saba kwa Kiarabu ni siini, ba na aini; neno la tisa ni ta, siini na aini. Ukiondoa nukta, siini inabaki na meno matatu, yaani vijiti vifupi vya wima, na ba au ta inabaki na jino moja, kwa hiyo maneno yote mawili yanakuwa meno manne yanayofuatwa na aini. Sabini na tisini nazo hufanana kwa sababu hiyohiyo. Kwa macho tu, duara lako linaweza kusomeka 77, 79, 97 au 99.

Mji ndio unaotuvusha hatua ya kwanza. Wasit ulijengwa na al-Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraki, mnamo mwaka 83 au 84 Hijria, na baadaye ukawa ndio mji mkuu wa kupiga dirhamu katika dola nzima. Mwaka wa 77 au 79 mji huo haukuwapo, kwa hiyo makumi lazima yawe tisini, na hapo wewe ndiye uliyepatia. Zimebaki 97 na 99, na historia peke yake haiwezi kutuchagulia, kwa kuwa Wasit ulipiga dirhamu miaka yote miwili, na makhalifa wa Bani Umayya hawakuandika majina yao kwenye sarafu hizi.

Hapo ndipo ninapokuomba uchukue kioo cha kukuzia, uilaze sarafu chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, kisha utazame urefu wa meno. Wachongaji wa Wasit walikuwa mafundi waangalifu, na mara nyingi jino la ba au la ta walilichonga refu kidogo kuliko meno ya siini. Katika «saba» jino refu huwa la mwisho, linalogusana na aini. Katika «tisa» huwa la kwanza. Nawe una kipimo ndani ya sarafu yenyewe: tumekwisha kuthibitisha kwamba neno la makumi ni tisini, basi litazame hilo kwanza uone mkono wa mchongaji huyu ulivyolitofautisha jino la ta, halafu ulilinganishe na neno la mamoja. Yakiwa na umbo moja, mwaka ni 99. Yakitofautiana, ni 97. Katika picha yako naona katika neno la makumi jino la kwanza limenyanyuka, na katika neno la mamoja limenyanyuka la nne, kwa hiyo naelekea kusoma 97, ingawa nitatulia zaidi nikipata picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Mwaka 97 Hijria ulianza Septemba 715, katika ukhalifa wa Sulayman bin Abd al-Malik. Kwa miaka mingine, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 621.6, utapata Miladia ya mwanzo wa mwaka huo kwa tofauti ya miezi michache tu.

Kuhusu uzito usiwe na hofu. Kanuni ilikuwa dirhamu 10 zilingane na mithkali 7, na mithkali moja, ambayo ndiyo uzito wa dinari, ilikuwa gramu 4.25 hivi, hesabu hiyo inatoa gramu 2.97 kwa dirhamu. Huo ni uzito wa kisheria, na nyingi zilizotufikia ziko chini yake kwa sababu ya kulika na kwa sababu kingo zake zilipunguzwa kwa mkasi. Yako isitoshe imetobolewa ili ivaliwe, na fedha iliyotolewa hapo haikurudi. Gramu 2.61 ni uzito unaokubalika kabisa. Cha kuchunguza ni namna ilivyotengenezwa: sarafu ya kweli ilipigwa kwa nyundo kati ya vyuma viwili vilivyochongwa, kwa hiyo herufi zake zina ncha kali, ilhali ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na herufi zilizovimba, vitundu vidogo vya mapovu na pengine mshono kwenye ukingo. Ninayoyaona pichani ni ya kupigwa. Usiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya sonara. Meno tuliyoyajadili hupotea kwa msuguo mmoja tu.

Sarafu ya shaba ni habari nyingine, na nakiri kuwa ndiyo iliyonivuta zaidi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba zisizo na mwaka wala jina la mji: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimefungwa kwa kina kama mshororo wa shairi. Jina la Ali bin al-Hasan ndilo linaloonekana mara nyingi kuliko yote. Kwa kuwa sarafu hazikujitaja mwaka, wataalamu walilazimika kumtafutia Ali zama zake kwa tarikhi za Kilwa na kwa tabaka za udongo, na kwa miaka mingi Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka mnamo mwaka 1200 Miladia.

Mwaka 1984 ikapatikana hazina ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba: zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha za watawala wa pwani yetu, miongoni mwao zenye jina la Ali bin al-Hasan, zikiwa pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari za Mafatimiya wa Misri, tofauti na sarafu zetu, huandikwa mji, mwaka na jina la khalifa, na zile za Mtambwe hazivuki karne ya 11. Fedha iliyofukiwa pamoja na dhahabu hiyo nayo ikavutwa nyuma hadi karne hiyo, na pamoja nayo mwanzo wa utawala ambao tarikhi za Kilwa zinaunasibisha na Washirazi.

Kwa hiyo sarafu yako ya shaba haina mwaka ndani yake, na kinachoweza kuipa mwaka ni mahali ilipotoka na vitu vilivyokuwa pamoja nayo. Waulize wazee waliokuwapo babu alipoiokota: ilikuwa ufukweni, shambani, au karibu na magofu ya Husuni Kubwa au ya Msikiti Mkuu? Ilikuwa moja, au nyingi zilizogandamana? Kulikuwa na vigae vya vyungu au shanga? Yaandike majibu yao sasa, hata yakiwa pungufu, pamoja na jina la aliyeyasema na siku aliyoyasema, kisha uipeleke sarafu pamoja na karatasi hiyo Makumbusho ya Taifa au ofisi ya Mambo ya Kale, kwani sheria ya nchi inataka vitu vya kale vilivyookotwa vitolewe taarifa. Wakiipima na kuipiga picha pamoja na maelezo ya Kilwa Kisiwani, itaweza kulinganishwa na zile zilizochimbwa humohumo kisiwani. Ile dirhamu ya Wasit endelea kuiweka ndani ya bahasha ya karatasi, si ya plastiki, na unitumie picha ya ubavuni ya neno lile la mamoja.