Shangazi, hela ya bati bado

Shangazi, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza: mtoto wa Matema, aliyekulia katikati ya vyungu vya Wakisi, anapandaje ndege kwenda kufundishwa ufinyanzi na Wazungu? Na hela ya bati iko wapi?

Nianze na hela. Sina. Mchana niko karakana ya ufinyanzi hapa Faenza, Italia, usiku nasafisha ofisi, na ufagio ndio unaolipa kodi ya chumba. Karakana ya kwanza walinitumikisha miezi mitatu wakiita mafunzo, senti sikuiona. Nikahama.

Kufinyanga kwenyewe, bibi angewaacha mbali wengi wa huku, tena bila gurudumu. Mimi nilifuata weupe. Chombo kikishachomwa mara ya kwanza, unakichovya kwenye uji wa unga wa kioo uliotiwa madini ya bati (si lile la kuezekea, tulia). Uji ukikauka unabaki kama chokaa ukutani, na juu yake ndipo unapochora: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, manganizi kwa zambarau. Unga unainywa rangi papo hapo. Hakuna kufuta. Mkono ukitetemeka, mtetemo huo unaingia tanurini kwenye nyuzi zaidi ya 900 na kutoka umeganda humo humo. Miezi sita nimechora majani tu, Shangazi. Majani!

Vyombo hivi wanaviita maiolica, kwa jina la kisiwa cha Majorca, maana vile vya Hispania vilipitia huko. Wafaransa wakasema faience, yaani Faenza hii hii. Lakini weupe wenyewe ulianzia Iraki, karne ya 9, wafinyanzi wakiiga kauri za China. Na vigae vya vyombo hivyo vya Iraki vimefukuliwa Manda na Shanga, kule Lamu! Pwani yetu iliviona karne nyingi kabla ya Faenza kujipatia sifa kwa vyombo hivi. Nilipoyasema hayo, fundi wangu hakubisha. Alinituma makumbusho ya kauri ya hapa, ya tangu 1908, nikavione vya Waislamu kwa macho yangu.

Huyo kijana wako anayetaka kunifuata, ajifunze Kiitaliano kwanza. Fundi hatamfokea kwa Kiingereza.

Bati nitatuma mwezi wa nane, kumi za kuanzia. Upande wa jikoni uezekwe kwanza.