Fundi, Nichomelee Shoki za Nyuma?

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Kayole. Mimi ni mwendesha bodaboda, urefu wangu futi 6 na inchi 4. Pikipiki yangu ya Boxer haina neno kwa kazi, lakini nikiikalia ni kama nimekalia stuli ya mtoto. Nikikata kona ya kuingia steji, usukani unanigonga goti. Jioni nashuka nikichechemea, nyonga zinawaka moto. Kuna fundi hapa mtaani anayesema atanichomelea vyuma vya inchi 3 chini ya shoki za nyuma, zile zinazomeza mishtuko ya barabara, kwa shilingi 1,500, pikipiki inyanyuke. Nikubali?
Twiga wa Kayole

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Miaka ya kwanza ya banda langu hapa Kariobangi kazi hiyo nami niliifanya, tena kwa kujiamini. Kisha kijana mmoja akarudi na shoki imekatika pale pale nilipochomelea, naye alikuwa amembeba mama na gunia la viazi. Mama alichubuka mkono tu, Mungu alisaidia. Tangu siku hiyo sijapeleka moto karibu na shoki ya mtu. Moto ule hupika sili ya mpira na oili ya ndani, na chuma cha kando ya mshono kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika.

Hata kama vyuma vyake havingekatika, bado havingekuponya. Angalia unapobanwa. Hubanwi kati ya kiti na lami. Unabanwa kati ya kiti na vikanyagio, halafu kati ya kiti na usukani. Shoki zikirefushwa, kiti, vikanyagio na usukani vyote vinasogea pamoja, kwa hiyo goti lako linabaki limekunjika vile vile na usukani utaendelea kuligonga. Shoki ndefu humfaa anayetaka nafasi zaidi chini ya injini, apite kwenye mawe na mitaro. Wewe shida yako ni nyingine.

Halafu ziko hasara ambazo huyo fundi hakukutajia. Inchi 3 nyuma peke yake zinaiinamisha pikipiki mbele, na nguzo ya usukani inasimama wima zaidi. Umeona magurudumu ya mbele ya kitoroli cha supamaketi yanavyofuata nyuma ya pini yake? Tairi lako la mbele nalo hugusa barabara nyuma kidogo ya mahali mstari wa nguzo ya usukani ungefika chini, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoinyoosha pikipiki. Ukiipunguza, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na kwa mwendo wa kasi wa Thika Road unaweza kuanza kutikisika mikononi. Stendi ya pembeni itakuwa fupi, pikipiki ilale sana. Ukiiweka kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma linaweza kubaki limegusa chini. Taa itamulika karibu na tairi badala ya mbele.

Cheni ndiyo inayonitia hofu zaidi. Cheni hukaza kabisa pale sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni), pini ya mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli ya gurudumu hilo zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ukirefusha shoki, ekseli inashuka mbali na mstari huo. Utailegeza cheni kama kawaida pikipiki ikiwa tupu, uone iko sawa, kisha abiria akae na uruke tuta: cheni inakaza kama waya wa kuanikia nguo, na bearingi ya giaboksi ndiyo inayolipa.

Pesa zako zipeleke kwa fundi wa viti. Mwambie aongeze sentimita 4 au 5 za sponji ngumu, ile ya vipande vilivyogandamizwa, si ile laini ya magodoro ambayo kwa uzito wako itazama baada ya wiki moja. Ainue kiti chote, sehemu ya abiria pia, la sivyo abiria atabaki chini nyuma yako. Ukishapanda hivyo, goti linafunguka papo hapo.

Kisha tafuta usukani ulioinuka zaidi, Kirinyaga Road kwenye maduka ya vipuri ipo mingi, na uufunge ukiwa umeelekea mbele kidogo. Hapa usiwe na haraka. Washa injini, iache isilensi, yaani izunguke polepole bila kufungua mafuta, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia. Injini ikipandisha sauti yenyewe, waya wa mafuta umevutwa na ni mfupi. Nunua mrefu kabla hujabeba mtu. Waya wa klachi na wa breki uukague vivyo hivyo. Vikanyagio vinaweza kushushwa kidogo, lakini lazima pedali ya gia na ya breki zishuke pamoja navyo, na kwenye kona vitakwaruza lami mapema. Kwako ningeanza na kiti na usukani, vikanyagio niviache.

Bado sijazisahau shoki zako. Pikipiki ya kazi hulegea springi, na huenda yako imeshuka bila wewe kujua. Inyanyue nyuma mpaka gurudumu lining'inie, mwenzako apime kutoka kwenye nati ya ekseli hadi alama uliyoweka kwenye mkia. Ishushe, ikalie na miguu yako kwenye vikanyagio, mwenzako aishike isianguke, apime tena. Ikiwa imezama zaidi ya theluthi moja ya safari yote ya gurudumu la nyuma, kutoka kuning'inia hadi shoki kuishia, zungusha ile ringi ya ngazi iliyo kwenye springi, pande zote mbili ngazi sawa. Ringi haiongezi ugumu wa springi, inaiinua pikipiki tu. Ikifika ngazi ya mwisho na bado inazama, nunua shoki mpya za urefu ule ule wa kiwandani.

Niandikie vipimo hivyo viwili, na cha tatu: kutoka juu ya kiti hadi kwenye kikanyagio. Kwa hicho nitakuambia sponji ishonwe unene gani.